Tuta, Tope na Ndege wa Aprili

Ukivuka daraja kutoka St. Louis kuingia Illinois, nchi inalala bapa ghafla. Nyuma yako kuna Mto Mississippi. Mbele, kilomita kadhaa upande wa mashariki, umesimama ukuta wa majabali ya chokaa. Kati ya hivyo viwili ndilo bonde linaloitwa American Bottom, udongo mweusi uliomwagwa na mto, gharika baada ya gharika, mpaka ukawa shamba. Leo humo mna reli, viwanda vya chuma, maghala ya nafaka, na mahindi na soya hadi macho yachoke. Mna ndege pia, na Aprili ndio mwezi wao.

Nilikuwa mgeni kwa dada yangu, aliyeolewa na mtu wa Ifakara na kukaa St. Louis kiasi cha kuiona theluji kuwa kero tu. Niliposema nataka kwenda kutazama ndege, shemeji aliweka kikombe cha chai chini.

"Shemeji, mimi utoto wangu wote nimeumaliza nikifukuza ndege. Leo niweke mafuta ya gari nikawatafute?"

Hakuwa anatania sana. Amekulia bonde la Kilombero, kwenye mpunga. Anajua kupanda dungu kabla ya mapambazuko, kombeo mkononi na debe pembeni, na kuamia ndege mpaka jua lizame. Kwake kweleakwelea ni adui, na ndege wengine wote ni washukiwa. Lakini mtu aliyelelewa na mto hawezi kupita kando ya mto mwingine asitake kujua unavyofurika na unavyokauka. Nilipomwambia kwamba tutazunguka mashambani zaidi kuliko kwenye hifadhi, akachukua funguo. Binti yao, mwanafunzi wa darasa la tano, akaja na simu yenye Merlin, ile programu ya Chuo Kikuu cha Cornell inayosikiliza sauti ya ndege na kukutajia jina.

Ndege wanaozaliana kaskazini hufuata kalenda ya mwanga. Siku zinaporefuka, waliokimbilia Karibi na Amerika Kusini kukwepa baridi huanza kurudi, na Mississippi, unaoteremka kutoka Minnesota hadi Ghuba ya Meksiko, huwa barabara yao. Zaidi ya spishi 300 huitumia. Wengi husafiri usiku na kushuka alfajiri popote penye maji na chakula. Mwishoni mwa Aprili mtazamaji ana bahati mbili: miti haijamaliza kutoa majani, kwa hiyo ndege wa msituni hawana pa kujificha, na wakulima wengi hawajamaliza kupanda, kwa hiyo mashamba bado ni mabua ya mwaka jana, magugu na madimbwi. Ukichelewa wiki tatu, sehemu kubwa ya wapita njia imekwishapita.

Tulianzia Horseshoe Lake, karibu na Granite City. Ziwa hili ni kona ya zamani ya Mississippi: mto ulijikatia njia fupi, ukaiacha kona yake nyuma ikiwa imejaa maji. Ng'ambo yanaonekana mabomba ya moshi ya kiwanda cha chuma. Hapatoi picha ya kalenda, nami hilo sikulijutia, maana mahali pazuri sana huwa na watu wengi sana. Tulikuwa peke yetu pamoja na mzee mmoja mwenye teleskopu ya miguu mitatu, aliyetusalimu kwa swali ambalo watazamaji wa ndege huulizana kila mahali: mmeona nini?

Tulikuwa hatujaona kitu. Akatuelekezea katikati ya ziwa, walipokuwa mwari weupe, kundi zima likielea bila haraka. Mwari wa Marekani hajitupi majini kutoka angani kufuata samaki. Huogelea na wenzake kwa mstari uliopinda, wakapigapiga maji na kuwasukuma samaki hadi kwenye maji mafupi, kisha midomo yote ikazama pamoja. Aprili huwa na kinundu bapa kinachosimama juu ya mdomo, pambo la msimu wa kuzaliana, ambalo huanguka baada ya mayai kutagwa. Shemeji aliazima teleskopu, akatazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

"Hawa wanavua kwa kokoro," akasema. "Kwetu wangekwishakamatwa."

Kwenye uzio wa maegesho nikapata nilichokuwa nimekifuata hapo: shomoro. Ukimwambia mtu umesafiri kumtazama shomoro atakuonea huruma, lakini huyu ana hadithi yake. Utosi wake una rangi ya kahawia ya njugu, mashavu meupe, na katikati ya kila shavu kuna doa jeusi. Kwa wataalamu ni Passer montanus, mwenyeji wa Ulaya na Asia. Mwaka 1870 kundi dogo lililoletwa kutoka Ujerumani lilifunguliwa katika bustani ya Lafayette mjini St. Louis. Walishamiri, ila muda si mrefu akaja binamu yao mwenye nguvu, shomoro wa majumbani, akawasukuma nje ya mji mpaka mashambani. Zaidi ya miaka 150 imepita na bado wamebaki maeneo haya tu: mashariki mwa Missouri, magharibi mwa Illinois, na kipande cha Iowa. Bara zima liko wazi mbele yao, nao hawajatoka mbali na bonde hili. Watu hupanda ndege kutoka California kuja kumwona, kisha huondoka wakiwa wameridhika kabisa.

"Mama mdogo, mbona anafanana na wale wa nyumbani?" akauliza binti.

Nikampa darubini. Alipoliona lile doa la shavuni akanyamaza, akaandika.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi Cahokia. Karibu na mwaka 1100 huu ulikuwa mji mkubwa kuliko wote kaskazini mwa Meksiko, wenye maelfu ya watu waliokula mahindi ya bonde hili hili na samaki wa maziwa haya haya. Majumba yao yamekwisha, ila vilima vya udongo walivyovijenga kwa kubeba vikapu vimebaki. Kilicho kikubwa kuliko vyote, Monks Mound, kina urefu wa takriban mita 30. UNESCO iliuweka mji huo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1982. Mwaka 1971 wachimbaji walipata upande wa mashariki wa kilima hicho kijibao cha jiwe la mchanga, kinachoenea kiganjani, chenye mchoro wa mtu mwenye bawa na pua iliyopinda mithili ya mdomo wa ndege. Nyuma yake pamechorwa mistari ya kukatana, ambayo wengi huisoma kuwa ngozi ya nyoka. Tulipanda ngazi hadi juu. Tumbusi walikuwa wakizunguka kwenye hewa iliyoanza kupata joto, wakitupita usawa wa macho, vichwa vyekundu visivyo na manyoya vikigeuka huku na huku.

Watu wa Cahokia walikuwa na ndege mmoja ambaye sisi hatutamwona. Kasuku wa Carolina, kijani mwenye kichwa cha manjano, aliishi kwenye misitu ya mabonde ya mito, mpaka huku kwenye majira ya barafu, akilala kwa makundi ndani ya mapango ya miti mikubwa. Miti ilikatwa, wakulima wakawapiga risasi kwa sababu ya matunda, na wafanyabiashara wakataka manyoya kwa ajili ya kofia. Aliyekuwa wa mwisho kufugwa alikufa mwaka 1918 katika bustani ya wanyama ya Cincinnati, na ndimo alimofia mwaka 1914 njiwa-msafiri wa mwisho. Nilimweleza shemeji. Akaniambia kasuku mia wakishuka kwenye shamba la mahindi yaliyokomaa, ni bora uwe nayo bunduki. Sikubishana naye. Mimi sijawahi kukesha nikilinda mahindi.

Tukashika barabara ya kusini inayofuata mguu wa majabali. Mkono wa kushoto chokaa nyeupe inapanda wima, na penye nyufa miti midogo ilikuwa imechanua waridi kabla ya kutoa jani hata moja. Mkono wa kulia bonde linakwenda hadi kwenye mstari wa kijani ulionyooka kiasi kwamba hauwezi kuwa kazi ya Mungu. Hilo ndilo tuta, ukuta wa udongo unaouzuia mto usiingie mashambani.

Bila kulielewa tuta huwezi kuwaelewa ndege wa hapa. Bonde hili lilikuwa mseto wa vinamasi, majani marefu na misitu iliyozama kila mwaka. Mwaka 1850 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuyapa majimbo kadhaa, Illinois likiwamo, ardhi ya vinamasi ili ikaushwe na kulimwa. Kazi ikafanyika kwa bidii. Mifereji ikachimbwa, mabomba yakafukiwa chini ya mashamba kunyonya maji, matuta yakainuliwa na kuinuliwa tena. Illinois imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya ardhi oevu iliyokuwa nayo miaka ya 1780. Kilichobaki ni vipande: ziwa lililokatwa hapa, msitu mwembamba kati ya tuta na mto pale, na kona za mashamba ambazo hakuna bomba lililofaulu kuzikausha.

Mto nao haujasaini mkataba wowote. Tarehe 1 Agosti 1993 kipimo cha St. Louis kilisoma zaidi ya mita 15, wakati mafuriko huanza kuhesabiwa kwenye mita 9 hivi. Matuta mengi yalishindwa. Mji mdogo wa Valmeyer, uliokuwa hapo chini, ulizama kiasi kwamba wakazi wengi waliamua kutorudi. Wakajenga mji mpya wenye jina lile lile juu ya majabali. Ukipita leo kwenye Valmeyer ya zamani unaona nyumba chache zilizobaki, na mitaa inayokwenda mahali pasipo na kitu. Mbayuwayu walikuwa wakiingia na kutoka chini ya daraja dogo la mfereji, midomo imejaa tope la kujengea. Hao nao si wale tunaowaona kwenye nyaya za umeme Tanzania mwezi Desemba, ingawa spishi ni moja: wetu hutoka Ulaya na Asia, hawa hutoka Amerika Kusini.

Karibu na hapo kuna kibarabara kinachopanda tuta na kushuka upande wa pili, upande wa mto. Ukishuka unaingia nchi nyingine. Mashamba yamekwisha, kuna msitu umesimama ndani ya maji ya rangi ya chai ya maziwa, mashina yote yakiwa na mstari wa tope unaoonyesha maji yalifika wapi. Mistari mingine ilinipita kimo. Tuliliacha gari palipokuwa pakavu na kwenda kwa miguu kwenye ukingo. Udongo wa hapa wenyeji huuita gumbo, mfinyanzi mweusi unaong'ang'ania kiatu mpaka mguu uwe na uzito wa ziada. Shemeji aliuchukua kidoleni, akausugua, akasema huu ungelea mpunga bila mbolea.

Simu ya binti ilikuwa ikitaja majina mfululizo. Hapo ndipo ninapokosana na programu hizi. Haikosei sana, hapana. Ila mtoto huanza kutazama kioo badala ya mti. Nikamwomba aizime kidogo tusikilize wenyewe. Kigong'ota alikuwa akigonga mahali fulani kwa mpigo wa fundi aliyelipwa kwa kutwa. Kisha, kutoka kwenye maji yenyewe, ikaja sauti kali ya noti moja inayorudiwa, tamu-tamu-tamu-tamu, bila kupanda wala kushuka.

Alikuwa kwenye tawi lililoanguka, kimo cha goti juu ya maji, mita chache kutoka tuliposimama. Protonotaria citrea. Ni ndege mdogo, mwepesi kuliko barua, lakini rangi yake haina aibu: kichwa na kifua manjano iliyoiva hadi kukaribia machungwa, mabawa ya kijivu-bluu, jicho jeusi kubwa lisilo na duara wala mstari. Alishuka hadi kwenye shina bovu, akachungulia tundu, akaingia, akatoka na kipande cha uchafu mdomoni, akakitupa. Akarudia. Dume hutangulia kufika, huchagua matundu, na huanza kuweka ndani mimea laini ya kijani inayoota kwenye magome kabla jike hajaja kukagua. Jamii yake wengi hujenga matawini au ardhini. Yeye hutaka pango, na hutaka liwe juu ya maji, kwa sababu maji humzuia mwizi wa mayai anayekuja kwa miguu. Baridi ikianza atakwenda Amerika ya Kati na kaskazini mwa Amerika Kusini, na huko makazi yake makubwa ni mikoko. Mtu wa Rufiji angeielewa ratiba yake bila maelezo mengi: nusu mwaka mafurikoni, nusu mwaka mikokoni.

Ndege huyu amewahi kuingia kwenye kesi. Mwaka 1948 kamati ya Bunge la Marekani iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti ilitaka kujua kama Alger Hiss, ofisa wa zamani wa Wizara ya Mambo ya Nje, alifahamiana kweli na mshtaki wake, Whittaker Chambers. Chambers alikuwa ameieleza kamati faraghani kwamba Hiss alipenda sana ndege na alifurahi mno kumwona huyu kando ya Mto Potomac. Hiss alipofika, mjumbe mmoja akamuuliza kwa njia ya mazungumzo tu kama aliwahi kumwona ndege huyo. Akajibu kwa furaha kwamba ndiyo, kule Potomac. Wajumbe, kijana Richard Nixon akiwamo, walielewa walichokipata. Mwaka 1950 Hiss alihukumiwa kwa kusema uongo chini ya kiapo. Wanahistoria wamebishana sana juu yake, ila kuhusu ndege hakuna anayesema alidanganya.

Tuliporudi upande wa mashamba, jua lilikuwa limepanda na upepo umeanza. Saa hizo za katikati ya mchana wengi huenda kula. Mimi nilitaka mashamba, maana ndege niliyemtaka zaidi hajali saa wala msitu. Anataka uwanja mtupu.

Tulikwenda polepole kwenye barabara za changarawe zilizonyooka kwa rula, tukisimama kila palipong'aa maji. Mtu hashuki garini. Ndege wa uwanjani humvumilia mwenye gari na humkimbia mwenye miguu. Na shamba ni mali ya mtu, unatazama kutoka barabarani. Dimbwi la kwanza lilikuwa na vitwitwi wa namna mbili wakichokoa tope. La pili lilikuwa tupu. La tatu lilikuwa kona nzima ya shamba la mahindi la mwaka jana, maji ya kimo cha kifundo cha mguu, mabua yakichungulia. Nilianza kupita kwa darubini kutoka kushoto, bonge la udongo, bonge la udongo, bonge la udongo, na bonge moja likakimbia hatua tano likasimama.

Halafu yote yakaanza kukimbia. Walikuwa zaidi ya mia, wakitazama upande mmoja dhidi ya upepo. Pluvialis dominica, kitwitwi wa dhahabu wa Marekani. Ukimpata kwenye mwanga mzuri, mgongo wake mweusi umetapakaa chembe za dhahabu, kila chembe ukingoni mwa unyoya wake. Kutoka kwenye paji hushuka utepe mweupe unaopita juu ya jicho hadi begani, na chini ya utepe huo, kwa aliyekamilika, kote ni weusi: uso, koo, kifua, tumbo. Aprili wengi hawajakamilika. Kuna aliyekuwa na tumbo la madoa, kuna wa rangi ya vumbi mwili mzima, na kuna mmoja karibu nasi ambaye ubavu mmoja ulikuwa umeshabadilika na mwingine bado. Huyo alikimbia, akasimama, akainamisha kichwa pembeni, akadona, akavuta mnyoo uliokatika. Akameza alichopata, akakimbia tena.

Ana uzito wa gramu 150 hivi. Miezi michache kabla alikuwa kwenye nyanda za Argentina au Uruguay. Kabla ya katikati ya Juni atakuwa ameshataga kwenye tundra ya Kanada au Alaska. Kurudi kusini hapiti hapa: wengi huondokea mashariki mwa Kanada na kuvuka Atlantiki moja kwa moja hadi Amerika Kusini. Bonde hili na mashamba ya Illinois na Indiana ni kituo chake cha kwendea tu. Ndugu yake wa karibu, yule wa Pasifiki, hufika pwani yetu. Wachache huonekana kila mwaka mdomoni mwa Mto Sabaki, karibu na Malindi. Huyu wa Marekani nusura amalizwe. Mwaka 1821 John James Audubon alishuhudia karibu na New Orleans wawindaji wakiwapiga kutwa nzima, akakadiria kwamba siku hiyo waliuawa 48,000. Ilibidi ipatikane sheria, na ile kubwa ya kuwalinda ndege wahamao ilipitishwa mwaka 1918, mwaka ule ule alipokufa kasuku wa Cincinnati.

Gari la mizigo likaja, likasimama sambamba na letu. Mkulima, mzee mwenye kofia ya kampuni ya mbegu, aliteremsha kioo na kuuliza kama tumekwama. Shemeji akamwambia tunatazama ndege. Mzee akaangalia dimbwi lake kwa mtazamo wa mtu ambaye hajaliona kuwa la kutazamwa.

"Hilo ni la kila mwaka," akasema. "Mto ukiwa juu, maji yanapita chini ya tuta na kutokea hapo. Ukishuka, nitapanda soya. Usiposhuka, nabaki na bima."

Shemeji alizima injini. Kwa robo saa iliyofuata ndege hawakuwapo tena; palikuwa na wakulima wawili. Mzee akaeleza: mto ukisimama juu kwa wiki kadhaa, uzito wake huyasukuma maji kwenye tabaka la mchanga lililo chini ya mfinyanzi, nayo hupenya chini ya tuta na kububujika upande wa shamba, mara nyingine yakitoa mchanga kwa mduara, na wakiona mchanga hukimbilia kuzungushia mifuko kabla tuta halijachimbwa kutoka chini. Tuta zima, pampu zote, na bado maji yanaingia kwa mlango wa chini. Shemeji akamuuliza kwa nini asilime mpunga. Mzee akacheka, akasema mpunga ni mambo ya kusini, Arkansas na kona ya chini ya Missouri. Shemeji akatikisa kichwa. Aliniambia baadaye kwamba ameona ekari nyingi zinazomwomba mtu mpunga na mtu hasikii.

Hifadhi zilizotengwa zina kazi yake, na bila hizo tungekuwa na habari za mwari kwenye vitabu tu. Lakini wale vitwitwi mia na ushei walikuwa kwenye hasara ya mtu. Walikuwa wanakula pale ambapo bomba limeshindwa, kwenye kona ambayo mwenye shamba angeikausha kesho kama angekuwa na fedha za kutosha. Sijui nimwombee nini mzee yule. Nilimshukuru, akaondoka taratibu ili asiwarushe ndege, jambo ambalo hakuna aliyemwomba alifanye.

Tulikuwa tumeshageuza gari tulipopita malisho yenye ng'ombe weusi na trekta likikokota haro kwenye shamba la jirani. Nyuma ya trekta kulikuwa na weupe. Shemeji alikanyaga breki mwenyewe.

"Hao ni yangeyange!"

Walikuwa yangeyange. Kama kumi hivi, wakitembea kwa ule mwendo wao wa shingo kwenda mbele kisha mwili kufuata, wakidona wadudu waliofukuliwa na haro, nusu yao wakiwa wamevaa mavazi ya kuzaliana: utosi, kifua na mgongo vya rangi ya kahawia-machungwa, mdomo umewiva. Na hawa ni wetu. Yangeyange alivuka Atlantiki kutoka Afrika bila kubebwa na mtu. Alionekana kaskazini mwa Amerika Kusini mwishoni mwa karne ya 19, akafika Florida kufikia mwaka 1941, akaanza kuzaliana huko mwaka 1953, na baada ya hapo akalifuata kila zizi la ng'ombe hadi Kanada. Marekani ilikuwa imefyeka misitu, ikajaza ng'ombe, na kazi ya kutembea karibu na kwato ikawa tele. Yeye alikuja na ujuzi wake kutoka nyumbani.

"Huyu ndege sijamfukuza hata siku moja," shemeji akasema. "Huyu hali mpunga. Huyu anakula panzi." Alikuwa ameshashuka garini kinyume cha masharti yangu yote, amesimama kwenye uzio na simu yake, na yangeyange hawakumjali hata kidogo. Binti akamfuata, naye akataka kujua kama ndege wakimbizi hupewa karatasi. Baba yake akamwambia hao walikuja kabla ya ofisi kuwepo.

Picha aliituma kwa kaka yake Ifakara, ambako ilikuwa usiku wa manane. Jibu lilikuja tukiwa mezani, kule kumekucha. Dada yangu aliliweka sauti ya juu tusikie wote. Kaka mtu alisalimia nyumba nzima kwa zamu, mimi nikiwamo, akauliza afya ya mtoto na masomo yake, akasema mvua huko zimekuja vizuri. Yangeyange amewaona, akasema, na wanafanana na wake. Ila shemeji arudi kwa yule mwenye shamba amuulizie lile trekta ni la bei gani, na kama yaliyotumika yanaweza kupakiwa melini hadi Dar es Salaam.